Bomba la Uani

Karatasi ya chuo ina orodha ndefu kuliko ya mahari:
ovaroli mbili za bluu, buti ngumu za kazi,
futi kamba, spana ya bomba inchi kumi na nne,
godoro, ndoo, picha ndogo nne,
na chini kabisa, kwa wino uliofifia, *mzazi atie sahihi*.
Nilijaribu mkono kwanza juu ya bahasha ya zamani.
Kisha nikatia ile ya kweli. Ikatoka mbaya zaidi.

Ufundi bomba, Ainekisha.
Nilidhani utasema ushonaji, au mapishi.
Matokeo yalipotoka nilizima simu siku mbili,
watu wa jumuiya wasiniulize umepata divisheni gani.
Naungama hapa, maana uso kwa uso sijaweza.
Wewe ulikuwa uani, umechuchumaa,
unalitazama bomba linalovuja
kama daktari atazamavyo ulimi wa mtoto.

Pale Memorial tulizunguka hadi jua la utosi.
Buti zote za kiume, arobaini na mbili, arobaini na tatu.
Tukapata jozi moja, thelathini na tisa,
ndani imeandikwa jina kwa kalamu isiyofutika,
herufi zenye vidoto juu,
mtu wa nchi ya baridi aliyemaliza kazi yake.
"Ni za kijana wako?" muuzaji akaniuliza.
Nikamjibu ndiyo, ni za kijana wangu,
nawe ukainama, ukafunga kamba.
Alitaka thelathini na tano, nikamshusha hadi ishirini na mbili.
Ilikuwa hela ya kikoba. Usiulize.

Babu yako kule Kibosho, siku ya zamu,
alitoka na jembe kabla ya jogoo
kwenda kuzibua mfongo,
maji yashuke kihamba hadi kihamba.
Siku moja nilimfuata mpaka kwenye kinywa cha mfongo
wakanifukuza kwa fimbo za mgomba:
mguu wa msichana, walisema, hukausha maji.
Hilo sijakusimulia.
Nimelikunja ndani ya ovaroli yako ya pili,
utalikuta siku ya kulitaka.

Wiki ya pili ukapiga simu usiku.
Spana nzito. Wavulana wanakuita fundi kucha.
Mwalimu ameliinua bomba lako mbele ya darasa zima:
uzi umekatwa upande.
"Mama, nirudi?"

Nilikuwa na maneno ya mama yangu tayari mdomoni,
yale ya mvumilivu na mbivu.
Nikayameza. Mimi mwenyewe nilivumilia mengi
yakanioza mkononi.
Nikauliza tu: uzi wa bomba ndio nini?

Ukanyamaza.
Halafu ukaanza: unavyolibana bomba kwenye jiliwa,
unavyotia mafuta, unavyozungusha nusu,
kisha unarudi nyuma robo, chuma kipumue.
Dakika saba. Salio likalia.
Sauti yako ilikuwa inanyooka kadiri unavyoeleza,
nami sikuelewa hata nusu,
na la kurudi hukulitaja tena.

Jana fundi Lyaruu amepita na begi lake.
"Mama Aine, elfu tano tu, nabadilisha washa sasa hivi."
Nikamwambia asante, hilo bomba lina mtu wake.
Akaitazama ndoo, akanitazama mimi,
akaondoka akitikisa kichwa. Bili nayo
imekuja, nimeiweka nyuma ya kioo.

Kila usiku nasogeza ndoo chini yake.
Alfajiri imejaa; namwagilia mchicha, nafua,
inayobaki jirani anachota bure na kunicheka.
Nalala nikilisikia, tone, kimya, tone,
nimelizoea kama kikohozi cha mtu wa nyumbani.

Mwezi wa sita mnafunga chuo.
Zawadi usihangaike nazo.
Njoo na spana.